Maelezo ya Shahidi Kuhusu Msokoto wa Kamba Kwenye Kaunta ya Sushi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Mkasi (jina la kwenye kitambulisho limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 72
Kazi: Mshonaji wa mapazia na sare
Elimu: Darasa la tatu
Makazi: Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mikate
Yameandikwa: Jumamosi tarehe 9 Mei, kuanzia saa 10:50 jioni, chumba cha maelezo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina la kitambulisho ninalo lakini hakuna anayelitumia. Wateja wangu wananiita Bi Mkasi, wengine wanasema ni kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya mdomo. Shule niliishia darasa la tatu, ila jina langu naliandika mwenyewe na kipimo cha nguo sijawahi kukosea. Nimekuja hapa kwa miguu yangu. Hakuna aliyenituma wala aliyeniita. Mjukuu wangu yuko nyumbani anadhani nimeshuka kununua uzi, kwa hiyo msimwingize.

Nilifika dawatini saa kumi na dakika ishirini na tano. Askari wa zamu akaniambia, bibi kaa kwenye benchi, kuna watu watatu mbele yako. Sikukaa. Nilimwambia achukue simu kwanza, kalamu baadaye, awaambie hospitali kwamba yule bwana aliyeanguka mchana kwenye mkahawa wa sushi amekula kamba wa baharini. Akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia mimi ni mshonaji, piga simu. Akapiga. Aliyepokea ni muuguzi, akasema atamfikishia daktari na watatujibu. Mpaka naanza kusema haya hawajajibu. Simu iko hapo mezani, naiona.

Leo tarehe 9 Mei, saa sita na nusu mchana, nilitoka nyumbani na mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Anafanya kazi kwenye maabara ya meno, anatengeneza meno ya bandia. Haya niliyovaa mdomoni ni kazi ya mkono wake. Wiki hii wamemkabidhi chumba kizima akisimamie, akataka tufurahie pamoja. Nilisema nitapika. Akasema, "Bibi, leo hupiki, leo unapikiwa." Nikavaa gauni la kitambaa kizuri tukaenda.

Mkahawa wenyewe uko kwenye kona, kati ya duka la simu na mahali pa kufulia nguo. Hauna meza hata moja. Una kaunta ya mbao iliyopinda kama shingo ya blauzi, na viti kumi na viwili virefu visivyo na mgongo. Mtu wa umri wangu kupandishwa kwenye kiti kile ni kutungikwa kama koti. Mpishi anasimama ndani ya ule mpindo, kila mtu anamwona anachofanya. Chakula ni wali wa vuguvugu uliotiwa siki, na kipande cha samaki, vinasokotwa ndani ya karatasi nyeusi ya mwani. Samaki wengine wamepitishwa kwenye moto, wengine wabichi kabisa. Hakuna sahani. Mpishi akimaliza kusokota anakuwekea mkononi, nawe unakula papo hapo, maana ukichelewa mwani unalegea na kuwa kama kitambaa kilicholowa. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba msokoto ninaoujua mimi ni wa tumbaku na wavutaji hutolewa nje. Akacheka. Mpishi naye akacheka. Ni kijana wa miaka kama thelathini na kitu, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, na ana adabu. Naomba hilo la adabu liandikwe.

Tulikaa hivi. Mjukuu wangu kiti cha tatu kutoka mlangoni, mimi cha nne. Kulia kwangu, kiti cha tano, alikaa bwana wa makamo aliyevaa fulana ya shule ya udereva. Mpishi alimwita Mwalimu. Nilielewa kwamba huja kila Jumamosi akimaliza wanafunzi wa asubuhi.

Kabla ya kuanza, mpishi alipita kwa kila mtu akiuliza asichokula. Mimi nikamwambia sili kitu kisichoiva. Akasema, "Basi Bibi, tutakwenda taratibu." Alipofika kwa Mwalimu hakuuliza, alisema tu kwamba kamba hapana, kama siku zote. Mwalimu akasema hata harufu yake hapana, ana aleji, mara ya mwisho alivimba midomo mpaka mkewe hakumtambua. Watu walicheka. Nilikuwa hapo hapo na masikio yangu ni mazima.

Mpishi akabandika utepe mwekundu upande wake wa kaunta, mbele ya kiti cha tano. Nyuma ya utepe akaweka kisu cha peke yake na ubao wa peke yake. Hilo nililiangalia vizuri kwa sababu mimi pia huweka alama kwenye kitambaa cha mteja ili nisichanganye. Kila alipotoka kwa mtu mwingine kwenda kwa Mwalimu alivua glavu, akanawa, akavaa nyingine. Afande ameniuliza kama nina uhakika. Ninao. Nilizihesabu zile glavu, nikawa nasikitika moyoni jinsi anavyozitupa.

Tena mpishi alinipa sharti. Alisema, "Bibi, msokoto ninaokupa ni wako. Usimpe jirani." Nikamwambia kumbe ni mkahawa wa wachoyo. Akasema, "Sawa Bibi, wa wachoyo." Nilidhani nimemshinda.

Wa kwanza ulikuwa wa tango na parachichi, nikaula wote. Wa pili salmoni aliyebabuliwa kwa moto, nikaula. Mwalimu aliniona naubana ule msokoto mpaka wali unatoka upande wa pili, akanionyesha. Alisema, "Ushike kama usukani, Bibi, usiukabe." Akaniambia wanafunzi wake wote wanakaba usukani wiki ya kwanza, halafu mikono inalegea yenyewe. Ni mtu mpole. Alinivutia kitambaa cha kufutia mikono bila kuombwa.

Wa tatu ulikuwa jodari mbichi. Huo niliumeza kama dawa. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama na macho yanang'aa, kila ninapotafuna anatikisa kichwa kana kwamba anapima kazi yake ya meno. Sikutaka kumvunja moyo. Ningesema tu, mjukuu wangu, tumbo limekataa, mambo yangeisha. Lakini mimi sikuzoea kushindwa mbele ya chakula, na sikuzoea kubakiza.

Saa saba na dakika kumi mchana, najua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha mpishi, mpishi aliniwekea mkononi msokoto wa nne. Akachora mstari kwenye karatasi yangu, kila mtu ana karatasi yake ya mistari mbele ya kiti. Kisha akaenda mwisho wa kaunta kwenye sufuria la wali, akatupa mgongo. Mjukuu wangu alikuwa anapiga picha ya msokoto wake. Mwalimu alikuwa amegeukia kulia anasoma ujumbe kwenye simu, na mkono wake wa kushoto ameulaza juu ya kaunta, kiganja wazi, anasubiri chake. Wazoefu wa pale ndivyo wanavyokaa.

Nikauweka ule msokoto kwenye kiganja chake.

Hakuinua macho. Alisema "Asante," akala kwa mara mbili, huku anaendelea kusoma. Hiyo asante alidhani anampa mpishi.

Mjukuu wangu akageuka, akaona mikono yangu mitupu, akasema kwa furaha, "Umeshamaliza?" Nikamwambia nimemaliza.

Haikupita dakika tano. Mwalimu alikohoa. Nilidhani ni kile kitu cha kijani kikali wanachopaka. Akajikuna shingo, akaweka simu chini, akajaribu kusema na sauti ikatoka nyembamba kama filimbi iliyoziba. Alishika ukingo wa kaunta, akashika bega langu, halafu akaanguka na kiti chake. Bega langu bado nahisi alipolishika.

Mpishi hakuzunguka. Aliruka kaunta. Alimlaza ubavu, akamlegeza mkanda, akapiga kelele mtu apige simu, na mjukuu wangu ndiye aliyepiga. Kisha mpishi akainua kichwa akauliza watu wote, "Kuna mtu amempa kitu?" Akauliza tena, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. Nilichukua mkoba wangu chini nikaupakata mapajani. Hicho ndicho nilichofanya.

Gari la wagonjwa lilifika saa saba na dakika thelathini na mbili. Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume. Walimuuliza mpishi bwana huyu amekula nini na ana aleji ya nini. Mpishi akasema ana aleji ya kamba, lakini leo amekula salmoni, jodari na tango, misokoto mitatu, kamba hajamgusisha, akaapa. Yule mwanamke akampapasa Mwalimu mfukoni akakuta vidonge vya moyo. Wakatazamana. Nilisikia mwanamume anasema basi huenda ni moyo. Walimpandisha kitandani wakiwa na haraka ya moyo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Hatua tatu ni upana wa pazia moja.

Polisi walifika saa nane kasoro dakika tano. Msichana wa kiti cha saba, aliyekuwa na mchumba wake, aliwaambia kwamba amemwona Mwalimu akila misokoto minne. Mpishi akasema ni mitatu, akaonyesha karatasi yenye mistari mitatu. Msichana akashikilia minne, na hakusema uongo, alimwona kweli. Askari mmoja akamwuliza mpishi, "Sasa wa nne umetoka wapi?" Mpishi akaangalia mikono yake. Mtu asiye na jibu mbele ya askari anaonekana mwongo hata akiwa mkweli. Walimchukua na aproni yake. Aliomba azime kwanza sufuria la wali, wakamruhusu.

Karatasi ya kiti cha nne ina mistari minne. Kaitafuteni. Minne niliyopewa mimi, mitatu niliyokula.

Tulifika nyumbani saa nane na nusu. Mjukuu wangu alitengeneza chai, akasema maskini yule mpishi, na alionekana mtu safi. Nikamwambia ni mimi. Alidhani nimechanganyikiwa na mshtuko, ikabidi nimweleze mara mbili. Alilia. Halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana alianza kupanga. Alisema, "Bibi, hujaona kitu na hujampa mtu kitu. Yule ana mkahawa, atapata wakili. Wewe utapata nani?" Nilimwambia nina yeye. Akasema ndiyo maana ananyamaza. Afande, usimwandike huyu mtoto kama mtu mbaya. Alikuwa ananifunika kama nilivyomfunika alipokuwa mdogo.

Nilikaa na ile chai saa nzima. Nilijaribu kushona, sindano ikakataa kuingia uzi. Nilikuwa nawaza lile neno moyo. Kule hospitali wanamtibu moyo na moyo wake haujafanya kosa lolote. Mjukuu wangu alipoingia kuoga nikasema kupitia mlangoni kwamba nashuka kununua uzi, nikaja. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu yangu. Nilisimama mara moja tu, magoti.

Nilipofika hapa kwenye maelezo yangu, afande aliweka kalamu chini. Aliniambia kwamba haya ninayosema yanaweza kutumika dhidi yangu, na kwamba nina haki ya kunyamaza au kumsubiri wakili. Nimemwambia nimenyamaza mchana kutwa na yametosha. Pia nimemwambia pindo la suruali yake limefumuka, askari hatembei hivyo. Akachukua kalamu.

Kisha akaniuliza kama nilijua ndani ya ule msokoto kuna nini.

Niliomba maji. Nimekunywa. Naomba aandike kwamba niliomba maji, asije mtu akasema nilijibu haraka bila kufikiri.

Nilijua. Mpishi hutaja jina la kila anachokupa. Aliponiwekea ule wa nne aliinama kidogo akasema, "Kamba, Bibi, mtamu sana." Nilimsikia. Nilimwona yule kamba mwenyewe kabla ya kusokotwa, mbichi, anang'aa kama kioo. Na nilikuwa nimemsikia Mwalimu akisema hawezi. Yote mawili niliyasikia, na sikuyasahau hata moja.

Afande ameniuliza, basi kwa nini. Sikutaka afe. Nataka lieleweke hilo, halafu litakalofuata nifanyiwe. Nimelea watoto sita, na wajukuu wawili juu yake. Kila mmoja wao kwa wakati wake alikuja akasema mimi sili hiki, mimi kile kinanidhuru, tumbo, kichwa, sijui nini. Niliwapa. Nilikichanganya na kingine nikawapa, wakala, wakaomba tena, nami nikawasimulia baadaye wakaona haya. Ndivyo nilivyomfanyia kila mmoja. Kwangu mimi mtu anayechagua chakula ni mtu anayedeka. Nilimtazama mtu mzima mwenye mvi anasema hata harufu hapana, nikasema moyoni, huyu naye mama yake alimlegezea. Nilipouweka ule msokoto kiganjani mwake nilikuwa najiondolea mzigo wangu, hiyo ni kweli. Lakini pia nilikuwa namfundisha. Nilikuwa nasubiri amalize nimwambie, umeona, umekula kamba na bado uko hai. Nilikuwa nimeshayaandaa maneno. Nilikuwa natabasamu.

Mmoja wa wale watoto wangu sita alikuwa akisema maziwa yanambana kifua. Leo ni mtu mzima, yuko mbali, mzima wa afya. Nimekuwa nikimkumbuka njia nzima ya kuja hapa. Nilimpa yale maziwa mwaka mzima.

Mpishi hana kosa. Hakumpa Mwalimu kamba, hakuchanganya visu, hakudanganya hesabu. Aliniambia msokoto ni wangu nisimpe jirani, nikamwita mchoyo. Mwacheni aende akafunge mkahawa wake, mlango waliuacha wazi. Mjukuu wangu hana kosa, alikuwa amegeuka. Msichana wa kiti cha saba hana kosa, alisema alichokiona. Mimi nipo, siendi popote, na nyumba yangu mnaijua.

Simu haijalia bado.

Nimesema yote niliyofanya na niliyoyajua, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, na sina la kupunguza. Sahihi hii nimeiandika kwa mkono wangu, wino wa dole gumba nimeukataa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, kama shahidi alivyoyasema. Nilimsomea kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alirekebisha sehemu moja tu. Pale alipouweka msokoto kwenye kiganja cha Mwalimu, nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya". Alisema maneno hayo hakuyatamka, ni mimi niliyeyaongeza kwa kumhurumia, na akataka yafutwe mbele yake. Nimeyafuta, na pembeni tumeweka sahihi sote wawili.

Karatasi ya kiti cha nne imeletwa kutoka mkahawani saa 11:55. Ina mistari minne.

Saa 12:10 jioni hospitali walipiga simu. Daktari alisema walibadilisha dawa mara tu walipopata ujumbe wetu wa saa kumi na nusu. Mgonjwa anapumua bila mashine. Hajaweza kuzungumza. Hawezi kutangazwa kuwa salama mpaka kesho.

Mpishi alitolewa mahabusu saa 12:35 kwa amri ya mkuu wa kituo. Hakuuliza kilichomtoa. Aliuliza habari za mteja wake, na nilipomwambia anapumua, alikaa sakafuni kwenye korido, bado amevaa aproni. Shahidi alikuwa kwenye benchi lililo mbele yake, akisubiri mkuu wa kituo aamue shauri lake. Aliinuka, akamwachia benchi, akabaki amesimama ukutani. Nilimwambia aketi, kuna nafasi ya watu wawili. Alikataa.

Koplo wa zamu, saa 12:50 jioni